Nani Alipie Dawa ya Jirani?

Katika Kimbo, karibu na njia kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, nyumba za kupanga zimesongamana hata kikohozi cha chumba kimoja husikika katika cha pili. Akaaye mahali kama hapo hawezi kudai kwamba maradhi yake ni mali yake peke yake. Nikinunua mkate nashiba mimi. Nikinunua dawa, huenda imemfaa zaidi jirani ambaye hakutoa hata senti. Je, ni haki bei yake inidai mimi tu?

Wako watu wenye busara waliojibu kwamba ni haki. Kitu cha bure, walisema, hupotezwa. Bali penye ada, hata ndogo, atakuja mgonjwa wa kweli. Desemba 1989 Kenya iliweka ada katika hospitali zake. Katika zahanati moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, wanaume waliohudhuria walipungua wakawa kama 40 kwa kila 100 wa awali, na ugonjwa wa namna ile haukai nyumbani na mwenyewe. Ada ilisimamishwa mwaka uliofuata.

Jaribio la Busia, lililoanza mwaka 1998, lafundisha zaidi. Watoto walipewa dawa ya minyoo shuleni. Mayai ya minyoo hutoka katika choo cha mgonjwa yakaingia udongoni, na udongo ni wa wote. Kwa hiyo minyoo ilipungua hata kwa wenzao wasiomeza dawa. Baadaye, katika baadhi ya shule, wazazi walitakiwa kuchangia gharama. Palipokuwa bure, watoto kama 75 katika 100 walitibiwa; palipokuwa na ada, 19. Tena wenye minyoo hawakuwa wepesi wa kulipa kuliko wasio nayo! Chujio lililosifiwa halikuchuja kitu, lilifukuza tu. Mzazi simlaumu: minyoo haiui leo, na unga wahitajiwa leo.

Lakini neno "bure" humficha mlipaji. Serikali ilipoanza kugawa dawa hiyo shuleni mwaka 2009, wafadhili wa ng'ambo walisaidia. Wafadhili huchoka: mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, shirika lake la misaada. Basi mpangaji wa Kimbo, atozwaye ushuru katika vitu vingi anunuavyo, aombwe kumtibu mtoto wa Busia asiyemjua? Minyoo ya Busia haitamfikia, na hoja ya ukuta mmoja haitoshi hapa. Lakini kifua kikuu cha Kimbo nacho yamkini hakitamfikia mkulima wa Busia, naye hutozwa ushuru ule ule. Mimi naona aombwe, na aambiwe waziwazi kwamba ndiye alipaye. Atanung'unika, na atauliza fedha zake zimefika wapi. Ajibiwe swali hilo kabla ya kuombwa mara ya pili.