Kurudi Darasani Ukubwani

Albert Ellis alimaliza shahada ya biashara mjini New York mwaka 1934. Akajaribu biashara, akaandika hadithi zisizopata mchapishaji, kisha akarudi darasani kusomea saikolojia. Aaron Beck naye alianza na magonjwa ya mishipa ya fahamu kabla ya kuhamia magonjwa ya akili. Kutokana na kazi ya hawa wawili tumepata tiba ya fikra na tabia.

Katika tiba hiyo, mgonjwa anasema, “Mimi sifai kitu.” Mtaalamu hambishii, wala haishii kumpa pole. Anamwuliza: wazo hilo lilikujia lini? Ushahidi gani unaliunga mkono, na upi unalipinga? Kisha wanapanga jaribio dogo, labda kumpigia simu rafiki aliyekuwa akimkwepa, na wiki inayofuata wanatazama pamoja kilichotokea.

Wewe uliyefundisha miaka mingi, au kuuguza, au kusikiliza shida za wateja dukani, na sasa unavutiwa na kazi hii ya tiba, miaka hiyo si hasara. Lakini huruma peke yake haitoshi. Yanahitajika masomo, mazoezi chini ya msimamizi, na moyo wa kukubali kusahihishwa na mtu ambaye huenda ni mdogo wako kiumri. Naamini hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Kama wito huu unakusumbua, usiuache mwaka upite tena. Wiki hii nenda chuo kilicho karibu nawe, ukaulize masharti ya kujiunga na masomo ya saikolojia au unasihi.