Asili ya Mcheza Ngoma

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya mcheza ngoma, ewe msomaji, imo katika vazi lake au katika viungo vyake? Na tutazame Uchina. Mwaka 1986 Yang Liping, binti wa kabila la Wabai katika jimbo la Yunnan, alipata sifa kubwa kwa ngoma yake ya tausi. Ngoma ya tausi ni urithi wa Wadai, majirani wa watu wake; naye aliitia uhai mpya kwa mikono na vidole vyake. Mwaka 2008 Tao Ye alianzisha kikundi chake mjini Beijing. Ngoma zake hazisimulii hadithi, na nyingi zimepewa nambari badala ya majina. Je, tuseme wa kwanza ni mwizi wa mali ya jirani, na wa pili ni mtumwa? Hasha! Vazi huweza kuazimwa kwa saa moja, bali mwendo wa mwili hupatikana kwa miaka ya jasho. Mwacha asili ni yule aigaye pasipo kufikiri, awe anaiga wageni au wazee wake. Nawe ukipokea urithi, uutie jasho lako.