Mtihani na Tawakali

Ndugu zetu wa Mkwiro, kila ukaribiapo mtihani wa kidato cha nne, twaona makombe yakiandikwa na hirizi zikifungwa, ilhali mwaka mzima taa ya kusomea haikuwashwa. Hiyo si tawakali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Nahodha avukaye kwenda Shimoni huomba dua, na usukani hauachi. Mlango wa shahada katika vyuo vikuu vyetu hufunguliwa kwa C+. Kuipata kwa karatasi ya wizi ni khiyana. Basi wazazi, mpunguzieni mvulana kazi za bahari, na msichana za jikoni, wapate saa za kusoma. Kisha inueni mikono muombe. Wabillahi tawfiq.