Mtoto wa Kulea na Jina la Babake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake: karatasi hizi ni katika kubainisha suala ambalo watu wengi hulijibu kwa moyo kabla ya kuliuliza kwa akili. Nalo ni hili: mtu akimchukua mtoto asiyemzaa, akamlisha na kumvika na kumpenda kama nafsi yake, je, mapenzi hayo yanampa haki ya kumwita kwa jina lake, na kumwambia kuwa ndiye aliyemzaa?

Suala hili liko Mombasa na Lamu na Unguja, walakini khasa linawaelekea watu wa pwani waliohamia bara kwa biashara. Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, ipo kata iitwayo Nyasubi. Nchi ile ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Na mbali na migodi hiyo wako wachimbaji wadogo wengi, leo wako shimo hili, kesho wamesikia khabari ya shimo jingine, wakahama. Mahali pa namna hiyo watu hukutana upesi na kutengana upesi, na mtoto huweza kubaki yatima katika mji asio na ami wala mjomba.

Basi na upigwe mfano wa mtu wa pwani akaaye Nyasubi, muuza mchele, yeye na mkewe hawakujaaliwa kuzaa. Jirani yake mchimbaji afukiwa na kifusi, na mkewe mchimbaji afa kwa uzazi, waachwe mapacha wachanga, mwanamume na mwanamke. Muuza mchele awachukua. Mpaka hapa hapana Muislamu awezaye kusema ila kheri. Kisha watu wamshauri, kwa nia njema: waandikishe kwa jina lako, wala wasijue kamwe, ili wasihuzunike. Hapa ndipo penye suala.

Jawabu lake lilikwisha kutoka zamani, katika kisa cha Zaid bin Haritha. Zaid alitekwa utotoni akauzwa, akafika nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Babake akamtafuta mpaka akampata, akataka kumkomboa. Zaid akachagua kubaki. Mtume akamfanya mwanawe, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Je, yako mapenzi ya mlezi yaliyo safi kuliko haya? Walakini iliposhuka aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab, iliyoamrisha watoto hawa waitwe kwa baba zao, alirejezwa jina lake, akawa Zaid bin Haritha. Na wasiojulikana baba zao, aya hiyo imewafanya ndugu katika dini. Haikuwaacha bila ya mahali. Tena atazame mwenye akili: Zaid aliondokewa na jina la kupangwa, lakini katika sahaba wote ni yeye peke yake aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qurani. Ukweli haukumpunguzia cheo.

Na Mtume mwenyewe alilelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib, wala hakuitwa ila mwana wa Abdallah, babake aliyekufa kabla hajazaliwa.

Na akisema mtu: kuna madhara gani katika uwongo wa huruma? Ataambiwa: madhara yake ni matatu, na kila moja ni haki ya mtu.

La kwanza ni haki ya maiti. Mchimbaji yule hakuacha dhahabu wala nyumba; aliacha jina. Akinyang'anywa na hilo, amezikwa mara mbili.

La pili ni haki ya watoto. Mtu wa migodini huenda ana watoto wengine Geita au Msalala. Kijana aliyefichwa nasaba yake anaweza kumposa dada yake wa baba mmoja, na mwenye kuijua siri keshakufa. Aliyeficha kwa huruma atakuwa amewafungulia mlango wa haramu watu wasio na kosa.

La tatu ni haki ya warithi. Mlezi akifa, ndugu zake watafika kutoka pwani kugawanya mirathi, na wa kwanza kusema "huyu si mwanawe" atasema mbele ya watu, na matanga hayajaondoka. Basi siri haikumwepusha mtoto na huzuni; imeiakhirisha tu mpaka siku aliyo mnyonge zaidi, na kumwachia mwenye hasama aitoe. Lakini mtoto aliyeambiwa tangu mdogo, kwa upole, "babako alikuwa fulani, nasi tumekupenda tukakulea," hana la kutishwa nalo.

Na akisema mtu: basi sharia imemfanya mtoto huyu mgeni nyumbani? Ataambiwa: la, sharia imempa njia nyingi. Mlezi anaweza kumpa hiba katika uhai wake, na kumuusia mpaka thuluthi ya mali yake, wala si lazima warithi waridhie. Na kwa uharamu wa kuonana, katika madhehebu ya Shafi'i minyonyo mitano iliyotengana, kabla ya miaka miwili, huleta udugu: yule wa kike akinyonyeshwa na dada wa muuza mchele, muuza mchele huwa mjomba wake, na yule wa kiume akinyonyeshwa na dada wa mke, mke huwa khaloo yake. Nyumba ikawa moja, wala hapana uwongo uliosemwa.

Tena yapasa mtu aijue sharia ya nchi kabla ya kutia mkono. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, namba 21 ya mwaka 2009, ina kuasili, kunakoamriwa na Mahakama Kuu, na kunamfanya mtoto kama aliyezaliwa na mwenye kumchukua. Na ina pia malezi ya kambo, yasiyobadili nasaba. Muislamu achague analoweza kulijibu mbele ya Mola wake. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake. Wala asiseme mtu kuwa kwenda kwa maofisa wa ustawi wa jamii ni usumbufu: wanavyuoni wetu walimlazimisha mwenye kuokota mtoto ashuhudize watu, ili nasaba ya mtoto isipotee. Maandishi ya leo ni ushahidi ule ule.

Limebaki kundi moja la watu, nao wana hatari kuliko waliotangulia. Hao wameihifadhi aya ya nasaba, wakaifanya hoja ya ubakhili. Husema, "si mwanangu," kisha wakamchukua yatima kwa jina la kulea, naye ndiye mchota maji na mwosha vyombo. Wana wao wenda chuoni, yeye abaki jikoni. Hao na wasome Sura ya Al-Maun, waone ni nani aliyetajwa humo kuwa ndiye mwenye kukadhibisha dini. Aliyedanganya kwa mapenzi amekosea katika jina. Huyu amesema kweli katika jina, akadhulumu katika kila kitu kingine.

Basi mwenye kulea na ashike mambo mawili pamoja: mtoto aitwe kwa babake, na atendewe kama mwana. Lake la kwanza ni amana ya aliyekufa, na la pili ni amana ya aliye hai. Na Mtume amemwahidi mlezi wa yatima ujirani wa karibu naye Peponi, wala hakushurutisha kuwa yatima yule abadilishwe jina. Wallahu aalam.