Mkanda wa Abiria wa Nyuma

Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa, matatu nyingi hazikutoka na watu wakaenda kazini kwa miguu, kwa kuwa kila kiti kilitakiwa kiwe na mkanda na kila matatu kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Sheria ingalipo, lakini mara nyingi mkanda hufungwa tu kizuizi cha polisi kikionekana, kisha huachiwa.

Kuna asemaye: mwili ni wangu, nikiumia naumia mimi. Naiheshimu hoja hiyo, maana serikali haifai kutuamulia kila jambo. Lakini gari likigonga, abiria wa nyuma asiyefunga mkanda hurushwa mbele kwa mwendo uleule wa gari, na anayepokea uzito wake ni mama aliyeketi mbele yake. Kisha ndugu wote huitwa kuchangia bili ya hospitali. Tena, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa walio kwenye viti vya mbele kwa karibu nusu. Pingamizi lenye uzito zaidi kwangu ni la hongo, kwamba sheria hii hutumiwa kumkamua mnyonge. Linauma kweli. Ndiyo maana nataka mkanda uliokatika uwe kosa la mwenye gari, atozwe faini yeye kwanza, na abiria aweze kumwambia makanga kabla ya kulipa nauli: hapa siketi, nipe kiti chenye mkanda mzima.