Kondoo Tisini na Tisa na Wastani wa Shule

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, simu zetu hujaa orodha. Shule fulani imeshika nafasi ya ngapi, imepitwa na ipi, ina wangapi wa daraja la kwanza. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, likieleza kuwa hakuna tija kulinganisha watoto waliosoma katika mazingira tofauti, na kwamba utaratibu ule ulizitangazia shule biashara bure. Orodha hazikufa. Matokeo ya kila shule bado yanawekwa wazi, na wenye kalamu na subira hujitengenezea orodha zao kabla jua halijazama. Baada ya siku chache mabango yanasimama barabarani, mengine yakiwa na msalaba.

Hayo yenye msalaba ndiyo tunayotaka kuyazungumzia.

Hatuidharau mitihani. Mama anayeuza ndizi ili alipe ada ana haki ya kujua kama mwanawe anafundishwa au anashindishwa tu darasani mpaka kengele ya jioni. Takwimu huweza hata kufanya kazi ya nabii. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, yaliishtua nchi nzima. Yalifutwa na kupangwa upya, lakini tulikuwa tumekwisha kuona. Bila mtihani tungeendelea kusifu majengo. Kwa hiyo hatuulizi kama tupime. Tunauliza tunadhani tumepima nini.

Tuseme wilaya moja ina shule mbili. Ya kwanza ni ya Kanisa, ya bweni. Huita watoto 500 kwenye usaili na kuchukua 80 wenye alama za juu, wengi wao wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Ya pili ni shule ya kata. Hupokea wote 150 waliopangiwa, watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, na wakiingia kidato cha kwanza wanakuta karibu kila kitabu ni cha Kiingereza. Wengine wametembea saa nzima kufika, na hawajanywa hata chai. Baada ya miaka minne, shule ya kwanza ina daraja la kwanza karibu tupu. Ya pili imefaulisha 90 kati ya 140 waliofanya mtihani. Orodha inasema ya kwanza ndiyo bora. Huenda ni kweli. Lakini orodha haikulipima hilo. Kwa sehemu kubwa imepima jinsi watoto walivyokuwa siku walipopita getini na masanduku yao. Kazi ya mwalimu iko katikati, kati ya siku ile na siku ya mtihani, na hiyo haina safu yake kwenye orodha.

Bwana wetu alisimulia habari za watumishi waliokabidhiwa talanta. Wa tano akaleta tano zaidi, wa mbili akaleta mbili zaidi. Kwa macho ya orodha hiyo ni kumi kwa nne, na wa pili ameachwa mbali. Yule bwana aliwasifu wote wawili kwa maneno yale yale. Tumehubiri sana juu ya mwenye talanta moja aliyeifukia, na huyu wa mbili tumempita mbio, naye ndiye anayefanana na mwalimu wa shule ya kata.

Lipo zito zaidi, nalo ni yale yanayowapata watoto ambao wangeshusha wastani. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Serikali ilianza kutangaza nafasi ya kila shule kitaifa na kiwilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua takwimu za shule za msingi za mwaka 2011 hadi 2016. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha matokeo kweli. Waliona pia kwamba shule ziliwaengua baadhi ya watoto ili wasifike darasa la saba, darasa la mtihani. Mpango wenyewe haukuwa na adhabu kubwa. Orodha peke yake ilitosha.

Katika shule za kulipia jambo hili lina jina la adabu: mchujo. Mtoto wa kidato cha pili au cha tatu aliyeanguka chini ya wastani wa shule huambiwa akariri darasa, au ahame, au asajiliwe kituo kingine cha mtihani ili alama zake zisisomeke chini ya jina la shule. Wizara imekemea, na mchujo unaendelea. Barua inayomrudisha mtoto nyumbani pengine ina nembo ya dayosisi, na chini ya nembo yameandikwa maneno ya upendo.

Mtu mwenye kondoo mia akipotelewa na mmoja, kwa hesabu ya wastani hajapata hasara, hasa kama aliyepotea alikuwa mdhaifu. Amepata faida. Waliobaki wote wazima, asilimia mia moja, weka bangoni. Mchungaji wa Injili anawaacha tisini na tisa nyikani kwa ajili ya huyo mmoja, hatua ambayo hatuijui bodi ya shule ambayo ingeipitisha.

Wakuu wa shule wana majibu, na si majibu mepesi. Wanasema bila nafasi nzuri wazazi hawaji, na wazazi wasipokuja walimu hawalipwi. Hilo ni kweli, na mzigo wake unatuangukia sisi tunaochagua shule kwa kusoma orodha kuanzia juu. Wanasema tena kwamba mtoto asiyemudu masomo anateswa kwa kubakizwa. Mara nyingine ni kweli pia. Wapo ambao wangechanua mapema zaidi kwenye karakana ya chuo cha ufundi. Lakini anayemtakia mtoto mema humwita mzazi mapema, wakatafuta pamoja mahali pa kumpeleka. Hasubiri wiki chache kabla ya usajili wa mtihani.

Tunaokaa kwenye mikutano ya shule za Kanisa tunaweza kuanza na swali la idadi, kabla taarifa ya ufaulu haijasomwa. Waliingia wangapi kidato cha kwanza, na wangapi kati yao walifanya mtihani hapa? Kama waliingia 80 wakafanya 61, tusomewe habari za wale 19, mmoja mmoja. Wengine watakuwa wamehama na wazazi wao. Wengine ada iliwashinda. Pengine yumo msichana aliyepata ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango kwa wasichana wa namna hiyo kurudi shuleni. Tungependa kusikia kama aligonga kwetu, nani alimfungulia, na jina lake lilisajiliwa kituo gani.