Kifaa Kibovu, Ndege Inaruka

Tukisikia ndege imeruka na kifaa kibovu tunasema huo ni uzembe. Si lazima. Mashirika ya ndege yana orodha iliyoidhinishwa na wakuu wa usafiri wa anga: kipi kinaweza kungoja, kwa masharti gani, kwa muda gani. Vingine siku 3, vingine 10. Fundi anaandika kitabuni, anabandika alama, na rubani bado anaweza kukataa kuruka. Ni waaminifu kuliko wengi wetu wenye biashara, tunaoficha kibovu chini ya kaunta.

Lakini orodha inajibu swali moja tu: tunaweza kwenda bila hiki?

Tarehe 20 Agosti 2008 kule Madrid, ndege ya Spanair ilirudi kabla ya kuruka. Hita ya kipimajoto cha nje ilikuwa inawaka ndege ikiwa chini, na kazi yake ni angani. Fundi akaikatia stima. Orodha iliruhusu, maana barafu haikutarajiwa njiani. Mbona iwake chini? Jibu halikupatikana. Ndege ikaondoka bila flapu za mabawa kufunguliwa, na king'ora cha kuwaonya marubani hakikulia. Watu 154 walikufa. Wachunguzi walishuku, bila kuthibitisha, kwamba swichi moja ndani ya mitambo ilihudumia hita na king'ora pia.

Fundi hakuficha kitu, hebu tuseme ukweli. Kasoro iliandikwa. Na mimi, ningekuwa pale, abiria wamechoka kwa joto na saa zinayoyoma, sidhani ningeuliza hilo swali la pili.